Odilon na Njiwa wa Barcelona

Odilon Baeyens alikuwa amewapeleka njiwa Barcelona mara ishirini na sita, na hakuwahi kumwona hata mmoja wao akifika nyumbani.

Si kwamba hakutaka. Kazi yenyewe ndiyo ilivyokuwa. Kila mwaka Julai ilipoanza, wafugaji wa Ubelgiji walileta njiwa wao waliokomaa kuliko wote. Pete za miguuni zilisomwa, mabawa yakagongwa mhuri, kisha njiwa wakatiwa kwenye vizimba vya bati jepesi na vizimba vikapangwa ndani ya malori marefu, safu juu ya safu. Lori la Odilon lilibeba njiwa kama elfu tano. Yeye alishika usukani, akaikata Ufaransa nzima kutoka juu hadi chini, kilomita elfu moja mia tatu na arobaini za barabara, akisimama njiani kuwapa njiwa maji na mahindi. Barcelona waliwapumzisha. Ijumaa asubuhi alivuta wenzo mmoja, milango yote ya upande ikaanguka kwa pamoja, na njiwa wakapaa kwa kishindo kinachofanana na mvua kubwa juu ya mabati. Walizunguka mara moja juu ya bandari, halafu wakashika njia ya kaskazini.

Baada ya hapo Odilon alishika ufagio. Alikwangua kinyesi, akaosha mabirika ya maji, akalala kidogo, akawasha lori. Alipokuwa bado upande wa Lyon, anakula mkate na jibini kwenye kituo cha mafuta, njiwa wa kwanza walikuwa wamekwisha kutua mabandani mwao. Na alipoingia Ninove, mji wake mdogo kando ya mto Dender, ilikuwa Jumapili jioni. Washindi walikuwa wamepigwa picha na bia zilikuwa zimenywewa, na watu walikuwa wakizungumza habari nyingine.

Hilo Kamiel Schockaert hakumwachia. Kamiel alikuwa mzee wa miaka sabini na miwili, mstaafu wa kiwanda cha viberiti, amefuga njiwa tangu akiwa kijana. Kila Jumapili asubuhi wafugaji walikutana kwenye mkahawa ulio karibu na daraja, na Odilon, ingawa hakufuga hata kuku, alikuwa na kiti chake pale.

"Haya, mpisheni mtaalamu wa njiwa," Kamiel angesema akimwona anaingia. "Mtu amesafiri na njiwa laki moja na zaidi, na hajui njiwa akirudi anatua kwa miguu au kwa tumbo."

"Wanatua kwa miguu," Odilon alijibu.

"Nani amekuambia?"

"Wewe, mwaka jana."

Meza nzima ilicheka, na Odilon naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa na umbo nene, masharubu ya kijivu, na mikono iliyozoea kushika vitu vikubwa. Kabla ya njiwa alikuwa akisambaza mapipa ya bia. Alipopewa lori la njiwa kwa mara ya kwanza alidhani ni kazi ya kiangazi kimoja tu. Lakini alipenda kelele zao za chini chini nyuma ya kiti chake akiendesha, na alipenda kwamba huu ni mzigo ambao ukishaufikisha unajirudisha wenyewe.

Mkewe Lisette alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache yenye ncha. Yeye ndiye aliyekataa mabanda nyumbani kwao, kwa sababu ya nguo zake za kuanika. Lakini alikuwa akimtazama mumewe kila Julai. Mwezi Februari, siku Odilon alipotimiza miaka sitini, alimwekea bahasha kando ya sahani.

"Nini hii?"

"Fungua usome. Miwani iko kichwani."

Ilikuwa tiketi ya ndege, Barcelona hadi Brussels, Ijumaa ya kwanza ya Julai, saa sita na dakika arobaini mchana. Odilon aliigeuza nyuma na mbele.

"Lisette, mimi Ijumaa hiyo nitakuwa na lori."

"Mpaka asubuhi. Mchana utakuwa na mimi."

"Na lori je?"

"Lori lina magurudumu, litarudi. Nimezungumza na Wannes, amesema lori tupu halimshindi, atalala njiani kama sheria inavyotaka."

Wannes alikuwa dereva mwenzake, baba wa watoto watatu, ambaye walipokezana naye usukani kwa mwaka wa tisa sasa. Odilon alitafuta kisingizio kingine asikipate.

"Miaka yote hii," Lisette alisema akimkatia keki, "unarudi unanuka njiwa, na uso wa mtu aliyetoka sinema kabla picha haijaisha. Nimechoka kuuona. Nenda ukaone mwisho."

Odilon aliisoma tena ile karatasi. "Safari nzima ni saa mbili na dakika tano tu," alisema. "Hapana. Wamekosea. Kutoka Barcelona?"

"Ndivyo ndege zinavyokwenda, mzee. Watu wote wanajua isipokuwa wewe."

Hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Jioni hiyo alikwenda kwa Kamiel kuuliza kama anaweza kukaa bustanini kwake kuwasubiri njiwa Jumamosi ile, siku moja baada ya kuachiwa. Kamiel alijifanya kufikiri kwa muda mrefu.

"Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Hutavaa hilo shati lako jekundu?"

"Sitalivaa."

"Basi njoo. Lakini ujue kwangu ni mbali. Kilomita elfu moja na sitini, na mita mia nne ishirini na moja."

"Si ilikuwa mita mia nne na kumi na mbili?"

"Nililihamisha banda nyuma ya mpeasi. Nikawaita waje wapime upya."

Katika mashindano hayo hashindi njiwa anayetangulia kutua, bali mwenye mwendo mkali zaidi, na kwa hiyo kila banda hupimwa umbali wake kutoka Barcelona kwa mstari ulionyooka, hadi mita ya mwisho.

"Kamiel, mita tisa," alisema Odilon.

"Njiwa wangu anaziruka. Kwa nini wasimhesabie?"

Julai ilifika. Jumatatu njiwa walipigwa mihuri, Jumanne malori yakaondoka. Kamiel alikuwa amepeleka wawili: dume mmoja ambaye hakuwa na jina ila namba, na jike la kijivu mwenye manyoya meupe shingoni kama kola, ambaye alimwita Mtawa. Alimsisitizia Odilon amtazame njiani. Odilon alikubali, ingawa wote wawili walijua kwamba kumtafuta njiwa mmoja ndani ya lori lile ni kazi bure.

Safari ilikuwa shwari. Alhamisi waliegesha kwenye uwanja mpana nyuma ya bandari ya Barcelona, karibu na malori ya Waholanzi, Wajerumani na Wafaransa, wote wakisubiri Ijumaa. Kwa jumla njiwa walizidi elfu ishirini. Odilon aliwapa maji mara ya mwisho, akatundika shati safi kwenye kioo cha lori, akapanga begi lake dogo.

Ijumaa alfajiri alishuka akatazama bahari, na hakupenda alichokiona. Juu kulikuwa kweupe, lakini chini, pale anga na maji yanapokutana, kulikuwa na utando wa ukungu mzito kama maziwa, na vilima vya upande wa kaskazini havikuonekana.

Ilikuwa wawaachie saa moja asubuhi. Kabla ya hapo simu iliita kutoka ofisi ya waandaaji. Uamuzi ulikuwa wao na wa wataalamu wa hali ya hewa, lakini Odilon alikuwa mkongwe kuliko madereva wote pale, na kila mwaka walimuuliza.

"Bwana Baeyens, huko kukoje?"

"Bado. Vilima sivioni."

"Picha zetu zinaonyesha kunafunguka."

"Labda huko juu. Hapa chini bado."

Saa mbili walipiga tena, akasema bado. Saa tatu akasema bado. Wannes alikuwa ameegemea mlango wa lori na kikombe cha kahawa, akihesabu kwa vidole.

"Mzee, ndege yako saa sita na dakika arobaini."

"Najua."

"Kama wakiahirisha mpaka kesho, tiketi imekwenda na maji."

"Najua, Wannes."

"Mimi nasema tu. Ukiwaambia kunatosha, watakuamini. Hata mimi nikitazama kwa jicho moja, naona kunatosha."

Odilon aliendelea kutazama baharini. Alikuwa akikumbuka shindano moja dogo huko Ufaransa, mwaka wake wa pili kazini, ambapo watu walikuwa na haraka na njiwa wakaachiwa kwenye ukungu kama huo. Walizunguka, wakazunguka, wakagawanyika. Wiki nzima baadaye wafugaji walikuwa wakimsimamisha barabarani kumuuliza kama amemwona njiwa mwenye pete namba fulani. Alijiuliza kama anataka kwenda kukaa bustanini kwa Kamiel, kwenye kiti cha starehe, akimsubiri njiwa ambaye yeye mwenyewe amempoteza. Jibu lilikuja bila taabu, na alipolipata alitulia kabisa. Alirudi kwenye lori akavua lile shati safi alilokuwa amelivaa, asije akalichafua, akaendelea na kazi zake.

Saa nne simu iliita tena. "Bado," alisema, "lakini kunaanza kufunguka. Nipeni saa moja."

Upepo mwepesi ulitoka nchi kavu, na ule utando ukaanza kusukumwa baharini taratibu kama shuka linalovutwa na mtu. Kilima cha kwanza kilionekana, kisha cha pili, na nyumba zake zote. Odilon alipiga simu mwenyewe. Saa nne na dakika hamsini, madereva wote wakiwa wameshika nyenzo zao, ishara ilitolewa.

Milango ilianguka. Njiwa walitoka kama kitu kimoja, upepo wao ukampuliza Odilon usoni na kumjaza vumbi la manyoya masharubuni. Safari hii hawakuzunguka hata duara moja kamili. Waliinama upande mmoja juu ya maji, weupe wa matumbo yao ukamulika, halafu wakawa doa, halafu hakuna.

Wannes alimpa begi. "Kimbia, mzee."

"Ufagio..."

"Ufagio nitaushika mimi. Kimbia."

Teksi ilimfikisha uwanja wa ndege kwa muda wa kupumua tu. Mwanamke wa ukaguzi alimtoa unyoya mmoja kwenye kola, akamtazama, akamruhusu kupita. Alikuwa mtu wa mwisho kuingia ndani ya ndege, na abiria wote walimkodolea macho.

Kiti chake kilikuwa dirishani. Kando yake alikaa mama mmoja wa Aalst, mwekundu kwa jua la ufukweni, ambaye alikuwa na hasira kwa sababu ndege ilichelewa dakika ishirini kuondoka.

"Dakika ishirini," alisema yule mama. "Ningekuwa nimeshafika nusu ya Ufaransa."

"Mimi kwa kawaida natumia siku mbili," alisema Odilon.

"Siku mbili? Unakwenda kwa baiskeli?"

Ikabidi amweleze. Mama yule alisikiliza huku akimenya karanga.

"Subiri kwanza. Mnawachukua njiwa kwao, wamekaa vizuri, wanakula. Mnawapeleka kwa lori siku mbili mpaka Barcelona."

"Ndiyo."

"Halafu mnawafungulia warudi kwao."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Odilon alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, maana watu wote aliowajua walizaliwa wakilijua jibu. "Kwa sababu wanarudi," alisema mwishowe.

Yule mama alitafuna karanga zake taratibu. "Mume wangu angekuwa hivyo," alisema, "ningempeleka mbali zaidi ya Barcelona." Kisha akamwachia karanga zilizobaki.

Odilon aliweka paji la uso kwenye kioo. Chini aliona milima yenye mabaka ya theluji, halafu ardhi ya kahawia, halafu mto mkubwa aliousindikiza kwa lori mara nyingi akiwa na usingizi. Barabara yake aliiona ikiwa nyembamba kama uzi. Sehemu aliyoiendesha kwa asubuhi nzima ilipita kwa muda wa kunywa kahawa. Alijua kwamba mahali fulani kule chini, juu kidogo ya mashamba, njiwa walikuwa wakipiga mabawa, na kwamba sasa hivi yeye anawapita wote. Alijisikia vibaya kidogo, kama mtu anayempita jirani yake anayetembea kwa miguu bila kusimamisha gari. Halafu akacheka peke yake, na kabla hajamaliza kufikiri, sauti ikatangaza wafunge mikanda.

Lisette alikuwa akimsubiri Brussels. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umefika na manyoya, sawa," alisema, "lakini angalau umefika leo."

Jumamosi asubuhi walikwenda wote wawili kwa Kamiel. Lisette alibeba chupa ya kahawa na vitobosha, vikeki vyenye jibini ndani, alivyooka mwenyewe. Kamiel alikuwa amejipanga kama mtu anayengojea ugeni wa heshima. Paka wa jirani alikuwa amefungiwa ndani kwa makubaliano maalumu. Kamba ya nguo ilikuwa imefunguliwa. Viti vitatu viliwekwa chini ya ukuta vikitazama kusini, na kando ya mlango mdogo wa banda kulikuwa na kibao cha kusoma pete: njiwa akikanyaga tu, saa hulia na kuandika muda wake.

"Ulimwona Mtawa wangu?" lilikuwa swali la kwanza la Kamiel.

"Kamiel, walikuwa elfu tano kwenye lori moja."

"Mwenye kola ni mmoja."

"Sikumwona."

"Wewe na macho yako," alisema Kamiel, akaketi. "Mliwachelewesha jana."

"Mimi niliwachelewesha. Kulikuwa na ukungu."

Kamiel aligeuka akamtazama. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Na ndege yako ya saa sita?"

"Niliiwahi."

"Lakini hukujua kama utaiwahi."

"Hapana."

Kamiel alikohoa, akamjazia kikombe cha kahawa mpaka ukingoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akarudi kutazama anga.

Walisubiri. Saa tatu na nusu simu ya Kamiel iliita: njiwa wa kwanza ametua mji wa kusini. Saa nne wengine wawili, upande wa Hainaut. Kila simu ilipoita Kamiel alisema "Vizuri, vizuri," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Lisette alitoa sweta aliyokuwa akifuma. Odilon alikaa kama alivyoahidi, kimya, mikono magotini, akitazama juu ya mnara wa kanisa. Hakuwahi kujua kwamba kusubiri kunaweza kuwa kutamu namna ile. Kwenye lori alikuwa na kilomita za kumaliza. Hapa hakuwa na la kufanya ila kuangalia sehemu moja ya mbingu.

Saa tano ilipita. Odilon aliona kitu kinakuja chini sana, karibu kigonge paa la duka la samani, kidogo, cheusi, kimekunja mabawa nusu.

"Njiwa pori," alisema kwa sauti ndogo.

Kamiel alikuwa amekwisha kusimama. "Nyamaza."

"Njiwa wetu huruka juu, mabega..."

"Nyamaza, Odilon. Hao unaowajua wewe ni wanaoondoka."

Kile kitu hakikuzunguka, hakikupunguza mwendo. Kilivuka bustani ya jirani, kikapanua mkia, na kwa kishindo kidogo kama kitabu kinachoangushwa mezani kikatua kwenye kibao. Saa ililia. Njiwa alikuwa na kola nyeupe. Alisimama nukta moja, akatikisa kichwa, akaingia ndani kwa miguu yake kama mtu anayetoka dukani.

Saa tano na dakika kumi na mbili. Kamiel aliandika kwenye karatasi, akatoa saa za usiku, ambazo mashindanoni hazihesabiwi, akagawa. "Saa kumi na saba na kitu hewani," alisema. "Kilomita sitini na moja kwa saa, na zaidi kidogo. Kwa jike la miaka minne." Kisha akakaa kitini kwa uzito, akajifuta uso kwa kofia.

Odilon alikuwa amesimama bila kujua alisimama lini. Alidhani siku hiyo ikifika atapiga makofi, au atasema neno la kukumbukwa. Badala yake alikuwa ameshika kitobosha mkononi na kukibonyeza mpaka jibini likatoka.

"Kamshike," alisema Kamiel.

"Amechoka."

"Ameshakunywa maji. Ingia umshike. Wewe ndiye uliyemleta."

Odilon aliinama akaingia bandani. Alikuwa ameshika njiwa wengi katika maisha yake, lakini wote walikuwa wale wanaokwenda: wameshiba, wazito, kifua kimejaa kama mkate mpya. Huyu alikuwa mwepesi kama kofia. Mfupa wa kifua ulimchoma kiganja, na moyo wake ulipiga haraka sana chini ya kidole chake. Alifungua bawa taratibu, na pale kwenye manyoya makubwa akakuta mhuri wa Jumatatu, wino bado mweusi.

"Jana alilala wapi?" aliuliza.

"Nani ajuaye," alisema Kamiel mlangoni. "Juu ya kanisa. Kwenye mti. Miaka hamsini nawauliza, hawasemi."

Lisette naye alichungulia. Alimtazama njiwa, akamtazama mumewe, na hakusema chochote kuhusu nguo za kuanika. Alinyoosha kidole kimoja akakigusa kile kichwa kidogo.

"Hana hata jasho," alisema.

Matokeo yalipotoka Mtawa alikuwa wa mia tatu themanini na nane katika nchi nzima, kati ya elfu saba. Hapakuwa na picha wala kombe. Kamiel aliirudia namba hiyo mkahawani wiki nzima kama wengine wanavyorudia namba moja. Jumapili jioni Odilon alikwenda kwenye yadi ya malori kumsubiri Wannes, wakaosha vizimba pamoja hadi vikang'aa, na alimsimulia yote, kuanzia yule mama wa karanga.

Yule dume hakuonekana Jumamosi, wala Jumapili. Jumatano Odilon alikuwa mezani nyumbani anakula supu ya maharage mabichi simu ilipoita. "Yuko hapa," alisema Kamiel. "Hana mkia. Kipanga, nadhani. Ametembea sehemu ya njia, naapa, miguu yake imejaa tope." Odilon alitoka na ndala zake za ndani, akavuka mitaa miwili, na wazee hao wawili walisimama kando ya banda hadi supu ikapoa, wakimtazama yule dume akila. Baadaye Odilon alimwambia Lisette kwamba, ukimlazimisha kuchagua, huyu wa pili alimfurahisha kuliko wa kwanza.

Aliendesha lori kwenda Barcelona mara mbili zaidi, na mara zote mbili alirudi kwa barabara, maana aliona si haki kumwachia mwenzake ufagio kila mwaka. Halafu alistaafu. Sasa ana kiti chake kwa Kamiel, na ni yeye anayemfungia ndani paka wa jirani.

Septemba ya mwaka huo wa kustaafu, Lisette alisema anataka kuiona hiyo Barcelona. Walikwenda kwa ndege, saa mbili na dakika tano, na yeye alilala njia nzima. Siku ya pili Odilon alimpeleka nyuma ya bandari. Ule uwanja ulikuwa na magari machache, mashua moja iliyopinduliwa, na karatasi zinazopeperuka.

"Ndiyo hapa?" aliuliza Lisette.

"Ndiyo hapa."

"Ni maegesho ya magari, Odilon."

"Ni maegesho ya magari."

Lisette aliketi kwenye ukuta mfupi, akavua viatu, akakunja na kukunjua vidole vya miguu. Akauliza Ninove iko upande gani. Odilon alinyoosha mkono pale pale, bila kutafuta jua wala bahari. Mkewe alitazama upande huo kwa muda, kisha akasema ana njaa, wakaondoka polepole kwenda kutafuta samaki wa kukaanga.